Tumbo la Mtoto, Mlango wa Mkwe

Hivi karibuni nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Mwanjelwa kumpeleka mjukuu wake hospitali. Mtoto alikuwa akilia tumbo tangu alfajiri: analia, ananyamaza, anakunja miguu, analia tena. Walimlaza kitandani, mtaalamu akampaka tumboni ute wa baridi, akapitisha juu yake kile kidude cha ultrasaundi, na sote tukakodolea macho kioo. Mimi niliona ukungu wa kijivu tu. Yeye aliona duara ndani ya duara. Akasema utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, akanyanyua simu kumwita daktari wa upasuaji. Muda wote huo mama wa mtoto alikuwa ameshika kichwa cha mwanawe, na hakuna aliyeuliza nani anaruhusiwa kuwamo chumbani na nani haruhusiwi. Nilitoka nje nikalia. Jirani yangu alidhani namlilia mjukuu wake, nikamwacha adhani hivyo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira. Mwanangu wa kwanza alipougua ugonjwa huohuo, miaka ya sabini, hapakuwa na kioo cha kuchungulia tumboni. Palikuwa na mikono ya daktari na maelezo ya mtu aliyemleta mtoto. Mikono ilikuwa mizuri. Maelezo ndiyo yaliyotaka kuniulia mwanangu, na mwenye kuyatoa hakuwa mimi.

Mimi ni Mhehe wa Ipogolo. Watu hututania kwamba tuna hasira za karibu, na mimi sikuwahi kuiangusha sifa hiyo. Niliolewa na Mnyakyusa, dereva wa malori ya Zambia, nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, na nikaja kuishi Mbeya. Wifi zangu walinitania kuhusu nyama ya mbwa, ambayo Wahehe tunasingiziwa kuila, mpaka walipochoka, nami niliwatania kuhusu ndizi, maana kwao ndizi ni asubuhi, mchana na jioni. Hayo yote yalikuwa mepesi. Jambo zito lilikuwa baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani. Humtazami, huongei naye, hutaji jina lake, hukai naye chumba kimoja. Ukikutana naye njiani, wewe ndiye unayeiacha njia. Unaingia kwenye migomba, unachuchumaa, unajifunika kanga kichwani mpaka hatua zake ziishe. Ukiwa na neno la kumwambia, unalipitisha kwa mama mkwe au kwa mtoto. Kwetu Iringa mkwe anaheshimiwa sana, lakini anaonekana. Mara ya kwanza kuelezwa nilicheka, nikafikiri ni utani mwingine.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa mwanamke mpole, mkristo wa kila Jumapili, na alinikalisha jikoni akaniambia polepole kwamba mwanamke akiuvunja mwiko huu, madhara hayampati yeye.

"Yanawapata watoto wake, mwanangu," alisema. "Nimeona."

Hakuniambia alichokiona. Basi nikajifunza. Miaka mitatu ya ndoa nilimjua mzee yule kwa kikohozi chake na kwa mlio wa mabuti yake ya mpira kwenye tope. Uso wake sikuujua. Nilipokuwa na hasira nilisema ni upuuzi, nikamwambia mume wangu hivyo mara nyingi, naye alicheka akasema, "We vumilia tu." Lakini nikisikia kikohozi, nilikuwa wa kwanza kukimbilia migombani.

Likizo ile tulikuwa huko kwao, milimani, mimi na mtoto. Mume wangu alikuwa safarini, Zambia, na dereva akishavuka mpakani Tunduma humpati mpaka arudi. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi, mnene, mwenye kupenda kula udongo wa ukutani tukigeuka kidogo tu. Asubuhi alikuwa akicheza barazani, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Akakunja magoti mpaka kifuani. Kisha akanyamaza, akatutazama, akataka kuendelea na mchezo. Hatukumaliza kushukuru, akapiga tena.

Mama mkwe alisema ni mchango, yale maumivu ya tumbo ya watoto. Akamkanda kwa maji ya moto, akamsugua dawa ya majani tumboni, na kila akinyamaza tulisema dawa imeingia. Mchana alianza kutapika maji ya kijani. Macho yalianza kuingia ndani. Hapo nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba, na mzee akisema na mkewe kwa Kinyakyusa. Mama mkwe alirudi akinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Mzee anasema mtoto aende Mbeya sasa hivi. Lori la ndizi halijaondoka."

Mama mkwe alitaka kwenda yeye mwenyewe nami, lakini alikuwa ameteguka mguu wiki ile, hata kufika chooni alishikiliwa. Na mtoto wa ukoo kupelekwa kupasuliwa au kufa mjini, mikononi mwa mwanamke mgeni peke yake, pasipo mwanamume wa kwao, lilikuwa jambo lisilosemeka. Basi mzee ndiye aliyekwenda. Alikaa mbele na dereva, ambaye alikuwa mtu wa ukoo. Mimi nilipandishwa nyuma juu ya mikungu ya ndizi, chini ya turubai, na mtoto mapajani. Ndivyo tulivyosafiri: mkwe mbele, mkwe nyuma, na bati la kichwa cha lori katikati yetu.

Barabara ilikuwa ya udongo na mvua ilitukuta Isongole, ile mvua ya huko juu inayoumiza masikio kwa baridi. Turubai lilivuja. Dereva alisimamisha lori akapanda nyuma.

"Mama, nipe mtoto akae mbele. Baridi hii itamuua."

"Ngoja nimbadilishe."

Gizani mle chini ya turubai nilimvua nepi, nikamfunga kavu, nikamvingirisha kanga mbili na sweta langu, nikampa dereva. Nepi chafu niliikunja nikaitia kwenye kikapu. Nilikaa peke yangu na ndizi zangu, namsikiliza mwanangu akilia upande wa pili wa bati, na kila aliponyamaza nilipiga bati kwa ngumi, nisijue nataka nini.

Mvua ilikatika tukikaribia Uyole. Nilifunua turubai nipate hewa, na katika mwanga ule nikaiona nepi ndani ya kikapu. Haikuwa na choo. Ilikuwa na ute mzito mwekundu, damu na kamasi vimechanganyika. Sikuwa muuguzi, lakini sikuhitaji cheti kujua kwamba hiyo si minyoo wala si mchango.

Nilipiga bati, nikaita. Injini ilikuwa inaunguruma, hakuna aliyenisikia. Lori liliposimama mbele ya hospitali, dereva aliruka akamfungulia mzee mlango, nao wakaingia na mtoto kabla sijapata pa kuweka mguu nishuke. Niliteleza, nikaangukia magoti kwenye tope, nikainuka na kikapu changu nikakimbia.

Kwenye baraza ya wagonjwa wa dharura alikuwepo nesi mmoja, mama wa makamo, Mnyakyusa. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa changu kibovu, nikamwambia mtoto aliyeingia sasa hivi ni wangu. Alinisimamisha kwa mkono begani, kwa upole kabisa.

"Subiri hapa, mama. Mkweo yumo ndani."

Alikuwa ananisitiri. Alifanya jambo ambalo mama yeyote wa kwao angelifanya. Nikamwambia amwambie daktari mtoto ametoa damu, nikaanza kufungua kikapu nimwonyeshe. Akasema sawa, atamwambia. Papo hapo mwanamke mmoja aliletwa akijifungua, nusu analetwa nusu anaanguka, na nesi akamkimbilia. Mlango wa chumba cha daktari ulibaki wazi kiasi. Nilisimama ukutani pembeni yake, nisione ndani wala nisionekane.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa Pwani kwa lafudhi yake. Humo ndani kulikuwa na stovu ya kuchemshia sindano, na nilimsikia akimwambia mzee kwamba anapasha mikono moto kwanza, kwa sababu mkono wa baridi hukaza tumbo la mtoto na tumbo likishakaza halisemi kitu. Baridi ya Mbeya ilimfundisha hilo, alisema. Kisha kimya kirefu. Alikuwa anapapasa. Mwanangu aliguna, hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Mzee wangu, huyu anakula udongo?"

"Anakula. Mtoto gani hali udongo?"

"Amewahi kutoa minyoo?"

"Alitoaga. Mwezi ule uliopita."

"Na choo chake cha leo?"

"Choo ni kizuri tu, daktari."

"Hakina damu?"

"Damu? Hapana. Damu hakuna."

Hakudanganya. Alisema alichokijua. Nilifunika mdomo kwa kanga.

"Mama yake yuko wapi? Nataka nimwulize yeye."

Kijana yule wa Pwani hakujua amemtaka mzee aseme nini. Kwa desturi yake, mahali alipo yeye mimi siwezi kuwepo; kunitaja kwamba nipo nje ya mlango ilikuwa sawa na kunivuta ndani. Akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Hayupo."

Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu sasa na mlango wa jikoni kwangu.

"Basi," alisema daktari, "kuna uvimbe hapa chini ya kidole changu. Inaweza kuwa minyoo imejisokota pamoja, na hiyo hatupasui, tunampumzisha tumbo inajifungua yenyewe. Inaweza kuwa jambo jingine baya zaidi. Ila kwa maelezo yako, na udongo huo, ni minyoo. Tutamtundikia maji, asile kitu, na kesho asubuhi nitamtazama tena."

Nilisikia kiti kikivutwa. Nesi hakuwa amerudi. Niliita, "Nesi!" nikaita tena, na huko alikokuwa mwanamke yule alikuwa anapiga kelele kuliko mimi.

Sasa niseme jinsi nilivyokuwa, maana watu husema mama hukimbilia mtoto bila kufikiri. Mimi nilifikiri. Mimi niliyeuita mwiko ule upuuzi mbele ya mume wangu, nilisimama pale na miguu imekataa. Nilisikia sauti ya mama mkwe jikoni: yanawapata watoto wake. Na mtoto mwenyewe ni huyu, anakufa sasa hivi. Nikiingia, namwokoa au nammalizia? Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na niliwachukia wote, mzee, mume wangu aliyeko Zambia, daktari asiyeuliza mara ya pili, na mimi mwenyewe niliyejifunza adabu vizuri mno.

Nikaingia.

Chumba kilikuwa kidogo na mlango ulikuwa mmoja, nami nilikuwa nimeujaza. Mzee hakuwa na pa kutokea. Nilikuwa nimeinamisha macho, lakini niliona mabuti ya mpira yakirudi nyuma mpaka ukutani. Niliona koti zito jeusi likivuliwa na kupanda juu. Alijifunika koti kichwani, akageukia ukuta, akasimama hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa. Mkono wake mmoja tu ulibaki nje ya koti, nyuma yake, umeshika mguu wa mwanangu kitandani. Huo hakuuachia.

"Mzee wangu, vipi?" Daktari alishtuka. "Unaumwa?"

"Mimi ndiye mama," nilisema. Nikaiweka nepi juu ya meza yake, katikati ya karatasi zake.

Daktari aliitazama, akanitazama na magoti yangu yenye tope, akalitazama lile koti. Alikuwa mtu mwerevu lakini hilo lilimzidi.

"Ni ya leo?"

"Ya leo. Njiani. Huyo hakuiona, usimlaumu."

Ndipo sauti ikatoka chini ya koti, ikiuambia ukuta.

"Daktari. Mimi sikukiona hicho kitambaa. Msikilize huyo."

Kijana alirudisha mikono juu ya mvuke wa stovu. Safari hii alipapasa upande wa kulia chini, akasema pako patupu, hapapaswi kuwa hivyo. Akavaa glavu, akaniambia nimshike mtoto mabega, akampima kwa kidole kule nyuma. Kidole kilitoka na damu ileile. Alinieleza akiwa tayari anafungua mlango kuita watu: kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kingine, kama mkono wa sweta unapojivuta ndani ukilivua kwa haraka, na kinaendelea kujivuta. Kikikaa hadi kesho kitaoza. Hana njia nyingine ila kumpasua.

"Nani atanipa ruhusa?"

"Mpasue," nilisema, na palepale ukutani sauti nyingine ikasema, "Mpasue." Zilitoka pamoja. Nadhani sote wawili tulishtuka.

Walimchukua. Mimi nilitoka kwanza, nikaenda mwisho wa baraza, nikageukia bustani, ili mzee naye apate kutoka. Alikwenda mwisho wa pili. Tulikaa hivyo mchana wote uliobaki, migongo imeelekeana, na katikati yetu wagonjwa wa watu wengine wakipita na vyakula na ndoo. Dereva alileta chai mara mbili, kwanza kwake kisha kwangu, na alimaliza ndizi zake Mwanjelwa akarudi bado tupo vilevile. Nilisali Kihehe, maana lugha nyingine zote zilikuwa zimenikimbia. Sikuomba tu mtoto apone. Niliomba kama kuna adhabu, inipate mimi.

Daktari alipotoka alisimama katikati ya baraza. Sijui nesi alimweleza au aling'amua mwenyewe. Hakwenda kwake wala hakuja kwangu. Alizungumza akitazama nguzo, kwa sauti ya kutosha pande zote mbili.

"Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Nimekata kipande, nimeunga. Yuko hai. Zaidi ya hapo siahidi kitu."

Nilikaa chini sakafuni. Kutoka ule mwisho wa pili nikasikia kikohozi, kirefu, kisichokuwa kikohozi.

Wodini kitanda kimoja kilikuwa na nafasi ya mwangalizi mmoja, na hata pangekuwa na nafasi ya kumi, sisi wawili tusingekaa. Aliyekuwa na haki kwa ukoo ni mzee. Ndiye aliyembeba mtoto, mtoto aliandikishwa kwa jina lake, na mjukuu huyu alikuwa wa kwanza kwa mtoto wake wa kiume. Nesi alikwenda kumwuliza nani abaki. Alirudi kwangu uso umebadilika.

"Mzee anasema mama aingie. Yeye anatoka."

Akatoka bila kumwona mtoto. Alifikia kwa mtu wa ukoo, huku chini kwenye soko. Watu walinisema, baadaye, kule nyumbani; wapo waliosema Mhehe amemfedhehesha mzee mbele ya mgeni, na mtoto akipata homa hata ya mafua walitazamana. Mzee mwenyewe hakutoa neno. Kila saa ya kuona wagonjwa alikuja mpaka ukuta wa nje wa wodi, akasimama kwenye majani, akamwuliza nesi dirishani mtoto kaamkaje. Nesi akamjibu. Naye akaondoka.

Sikuweza kulivumilia hilo. Mshono ulipokauka na mtoto akaanza kukaa na kudai chakula, nilisikia kikohozi nje, nikamwomba nesi anishikilie mgongo wa mtoto. Nikachuchumaa chini ya dirisha, kichwa changu chini ya ukingo ili nisionekane hata unywele, nikamwinua mwanangu kwa mikono yote miwili juu yangu mpaka kifua chake kikafika kwenye nondo za dirisha. Alikuwa amepungua, lakini mikono yangu iliungua kwa uzito wake.

Kisha niliwasikia wakisemeshana, mmoja kwa maneno ya Kinyakyusa ya kitoto na mwingine kwa kelele tu. Mwanangu alianza kucheka, tumbo lake likaruka juu ya viganja vyangu, nami nikaogopa mshono, lakini sikumshusha. Nesi alisema, "Mama, pumzika, utamwangusha." Nikamwambia bado. Nilimshikilia pale juu mpaka mzee aliponyamaza mwenyewe.